Siku Moja na Mayai ya Chura

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nimeshafika kwenye bonde la mpunga nje kidogo ya Chake Chake, suruali nimeikunja hadi magotini. Mvua ya masika ilinyesha usiku, vyura wakalia hadi alfajiri, na sasa dimbwini zimetanda nyuzi za ute zenye mayai meusi yaliyopangana kama shanga. Nachota kipande kimoja kwa maji yale yale ya dimbwi, kwani maji ya bomba yenye dawa yanaweza kuyaua.

Saa mbili, maabara ya skuli. Chini ya lenzi kila yai ni donge la seli, na kwenye baadhi yake umeanza kuonekana mchiriziko mwembamba wa mwezi mwandamo, ambapo seli za nje zinapenya kwenda ndani. Mdomo wa juu wa upenyo huo ndio uliowashughulisha wanasayansi Hans Spemann na Hilde Mangold huko Freiburg, Ujerumani. Mwaka 1924 walieleza jinsi walivyoukata kwa kiinitete, yaani yai lililokwisha anza kukua, cha salamanda mweupe (mnyama wa jamaa ya vyura, mwenye mkia) na kuupandikiza tumboni mwa kiinitete cha mwengine mweusi; hapo ukaota mfumo wa pili wa fahamu, ambao sehemu yake kubwa ilitokana na seli za yule mweusi mwenyewe. Spemann alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1935, lakini Mangold alikuwa ameshafariki mwaka ule ule wa 1924, jambo ambalo mimi silitaji darasani bila ya kusikitika.

Saa tano mwanafunzi ananiuliza, “Mwalimu, kwani ubongo unatoka wapi?”

“Kwenye ngozi, mwanangu.”

Anacheka, akidhani namtania. Namweleza kwamba protini ziitwazo BMP huzielekeza seli za nje ziwe ngozi, na kwamba seli zilizotoka kwenye mdomo ule hutoa protini nyengine, nogini na kodini, ambazo huzikamata BMP, hivyo seli za mgongoni zikabaki huru kuwa neva.

Mchana hupita kwa masahihisho.

Saa tisa bamba la neva, yaani tabaka la seli hizo zitakazokuwa neva, limeshatandaa mgongoni, pana mbele na jembamba nyuma, mithili ya unyayo. Kufikia magharibi kingo zake zimeinuka na kuelekeana, kama jani la mgomba linavyojikunja juani. Baada ya Isha natazama tena kwa tochi: kingo zimegusana, mrija umefungika, na sehemu ya mbele, itakayokuwa ubongo, imeshavimba kidogo.