Nehemia Aliyatazama Kwanza Malango Yaliyoteketea

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimesumbuliwa na picha ninayoipenda. Ninajiandaa kwa mtihani wa uhasibu, na kila ninapofungua kitabu usiku, watoto wakiwa wamelala, mawazo yangu hukimbilia siku ya mahafali, nikiwa nimevaa joho na mama yangu akipiga vigelegele. Ni picha tamu, wala sidhani kwamba ni dhambi kuitazama. Hata hivyo nimeona kwamba nikikaa nayo kwa muda mrefu moyo hutulia kana kwamba mtihani umekwisha kufanywa, na kitabu hubaki kwenye ukurasa ule ule.

Najua kwamba sishindani na jambo hili peke yangu. Tangu mkesha wa mwaka mpya wengi wetu tumebandika ukutani kadi zenye picha za nyumba, gari au pete ya ndoa, na chini yake maneno ya Habakuki, "Iandike njozi." Sina ugomvi na kadi hizo. Mungu mwenyewe alimtoa Ibrahimu nje akamwambia azitazame nyota, na Bwana wetu alipotaja mtu anayetaka kujenga mnara alisema kwamba huketi kwanza na kuhesabu gharama. Ninachokataa ni lile fundisho kwamba picha yenyewe, ikitazamwa kwa bidii ya kutosha, ndiyo inayolivuta jambo lije.

Mfikirieni Nehemia. Alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta huko Shushani, mbali sana na Yerusalemu, alipopata habari kwamba ukuta umebomoka na malango yameteketezwa kwa moto. Alilia, akafunga, akaomba, na tangu mwezi wa Kisleu hadi Nisani yapata miezi minne ilipita. Halafu tazameni kilichotoka kinywani mwake mfalme alipomuuliza anataka nini. Alimwomba Mungu wa mbinguni palepale aliposimama, kisha akataja muda atakaokaa, akaomba nyaraka za kuwapa maliwali wa ng'ambo ya Mto, na waraka mwingine kwa Asafu, mlinzi wa msitu wa mfalme, ili apewe miti ya kutengenezea malango. Mtu huyu hakuwa ameuona ukuta uliokamilika tu. Katika maombi yake alikuwa amekwisha kuipita njia yote, akajua ni wapi atazuiliwa na ni nani mwenye mbao.

Tena alipofika Yerusalemu hakutangaza neno. Alitoka usiku kwa Lango la Bondeni na kuukagua ukuta ulivyobomoka, mpaka mahali ambapo mnyama aliyempanda hakuweza kupita. Wapendwa, maono ya kimungu hayaogopi kifusi. Ikiwa picha uliyo nayo moyoni haiwezi kustahimili kutazamwa pamoja na deni lako, afya yako au uvivu wako, ipeleke mbele za Bwana upya, maana Yeye hahitaji tumfiche hali halisi ili apate kutubariki.

Hata wanaochunguza nafsi za watu wameliona hili. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, uliofanywa na Lien Pham na Shelley Taylor kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, baadhi yao walijiona kwa dakika chache kila siku wakipata alama nzuri, na wengine wakajiona wakiwa wameketi wanasoma. Waliojiona wakisoma ndio waliofanya vizuri zaidi.

Sasa niseme neno gumu kwa sisi tunaoshika kipaza sauti. Tunamsimamisha kijana asiye na mtaji wala ujuzi, tunamwambia, "Jione ndani ya gari hilo, pokea!", kisha tunamwacha aende zake. Desemba inapofika bila gari, tunamwambia kwamba imani yake ilikuwa ndogo. Huo ni ukatili, nasi tutaulizwa. Yakobo aliwaonya waliopanga kwenda mji fulani kufanya biashara na kupata faida bila kusema, "Bwana akipenda," nasi tumewafundisha watu kuyaona maneno hayo kuwa ni ukosefu wa imani.

Jambo lingine ni kwamba katika kadi zetu nyingi hamna mtu mwingine. Someni Nehemia sura ya 3, sura tunayoiruka kwa sababu imejaa majina. Mfua dhahabu anajenga, mtengeneza manukato anajenga, Shalumu anajenga pamoja na binti zake, kila mmoja mahali pake. Adui walipofanya njama, wajenzi walimwomba Mungu na pia wakaweka walinzi mchana na usiku. Ukuta ulimalizika kwa siku 52, na adui zao wenyewe wakatambua kwamba kazi hiyo ilitendeka kwa Mungu.

Basi Alhamisi, tutakapokutana katika ibada ya nyumbani, kila mwenye kadi aje nayo, akiwa ameandika nyuma yake lango lipi limeteketea, ni nani "Asafu" anayepaswa kumwendea, na ni siku gani atakwenda. Tutaziombea zote, upande wa picha na upande wa maandishi, na asiye na kadi aje tu, tutaomba naye.