Wapiti Wamehamia Nyuma ya Uzio

Jumamosi iliyopita niliamka saa tisa usiku, nikaendesha gari kutoka Boise, jimbo la Idaho, Marekani, hadi mbele ya mji mdogo wa Idaho City, nikaliacha kando ya barabara na kupanda mlima kwa miguu saa mbili nzima, tochi kichwani. Kulipopambazuka nikamsikia wapiti dume akilia ng'ambo ya bonde. (Ni jamii ya kulungu, mkubwa mno, na wengi huku humwita elk. Mimi nashika wapiti, jina linalokaa vizuri kinywani mwetu.) Nikachutama, nikapima upepo. Mara zikaja pikipiki tatu za magurudumu manne, zikinguruma kupanda njia iliyofungwa. Dume hakulia tena.

Njia ile zamani ilipitisha malori ya magogo. Ilifungwa kwa tuta la udongo, na kwenye ramani ya njia za magari haimo. Lakini mtu mmoja alizunguka tuta, wa pili akafuata alama za wa kwanza, na sasa mgeni akifika anaona barabara. Chini yake kuna kijibonde cha majani na chemchemi. Matairi yamekichimba mitaro miwili; nilisimama ndani ya mmoja, ukanifika karibu na goti. Maji yaliyokuwa yakitulia kwenye majani sasa yanateremka na mitaro hiyo, yakibeba mchanga. Miamba ya milima hii ni granaiti iliyooza, inavunjika mkononi kama sukari guru, na mchanga wake ukijaa mtoni hufunika mayai ya samaki.

Sheria ipo. Rais Nixon alitia saini amri ya kudhibiti magari haya kwenye ardhi ya umma mwaka 1972, na kanuni ya 2005 ikataka misitu ya taifa itenge njia zinazoruhusiwa na kuzichora kwenye ramani. Ushahidi nao upo. Huko Starkey, katika jimbo jirani la Oregon, watafiti walizungushia uzio msitu wa ekari zipatazo 25,000, wakawavisha wapiti kola za kufuatilia nyendo zao. Wapiti walizikimbia pikipiki hizi kuliko walivyowakimbia watu wa miguu au wa farasi.

Wanakimbilia wapi? Kwenye mashamba ya watu binafsi, nyuma ya uzio. Hapo ndipo panaponiuma. Mimi nilikulia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, ambako kutoka nje ya mpaka kutafuta kuni lilikuwa kosa. Nilipofika Idaho nikaambiwa msitu huu ni wa umma, ukiwa na leseni na tiketi ya mnyama, yaani kibali cha kumwinda, unawinda. Sikuamini mpaka nilipoingia mwenyewe. Sina ranchi, wala sina rafiki mwenye ranchi. Msitu wa umma ndio shamba langu pekee.

Sisemi pikipiki zote ziondoke. Mzee aliyenifundisha kuwinda ana magoti mabovu. Hupanda yake hadi mwisho wa njia halali, anaizima, anakaa kwenye gogo na kungoja. Huyo hamfukuzi mnyama yeyote wala hachimbi bonde. Ninaowalaumu ni wale wanaozunguka tuta.

Saa sita mchana nilikuwa nikiteremka mikono mitupu. Chini kabisa, kwenye shamba la lusani lenye nguzo zilizopakwa rangi ya chungwa, alama ya kukataza kuingia, nilihesabu wapiti 31. Walikuwa wamelala.