Herufi nene na pana kwenye bango

Kila nipitapo Barabara ya Nasser mjini Kampala, ambako wachapaji wamepangana mlango kwa mlango, macho yangu huvutwa na mabango yenye herufi nene, pana, zisizo na vikia (vijistari vidogo kwenye ncha za herufi), zilizojengwa kwa duara, mraba na mstari ulionyooka. Ukoo huu wa herufi ulipata umaarufu kupitia Futura, aina ya herufi za uchapaji iliyochorwa na Mjerumani Paul Renner na kutolewa mwaka 1927.

Nizipendazo zaidi ni zile zilizopanuliwa, nazo zinadai ufundi mkubwa kuliko zinavyoonekana: herufi O yenye unene uleule pande zote huonekana nzito juu na chini, kwa hiyo mchoraji hupunguza kidogo mistari ya ulalo, kisha huliacha duara livuke mstari wa chini kwa kiasi kidogo sana ili lisionekane fupi kuliko H. Maneno marefu ya Kiswahili huzipa taabu. MKUTANO hujaza bango zima, ilhali SOKO hupendeza mno, kwa kuwa O zake mbili hukaa kama magurudumu. Mimi huzitumia kwa vichwa vya habari tu, maana katika aya za maandishi madogo matundu ya a na e huzibwa na wino.