Nusu ya Sala

Jumapili, usiku.

Leo pumzi za mama mkwe zilikuwa fupi. Akaniwekea mkononi rozari, shanga zake za sala za Kikatoliki, akasema, "Mwanangu, ongoza wewe, mimi nitaitikia." Mimi Mlutheri wa kuzaliwa, sijawahi kuishika rozari kwa kusali. Nikaipokea. Ningemkatalia vipi?

Anayeongoza husema nusu ya kwanza: Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe. Hiyo ilinitoka bila shida, maana ni Luka sura ya 1: salamu ya malaika ikifuatwa na ya Elizabeti, yakaongezwa majina mawili tu, la Maria na la Yesu. Mama akaitikia kwa sauti ya chini, tukaenda hivyo punje kwa punje. Kwenye tendo la tatu, kati ya matukio matano tuliyokuwa tukiyatafakari, akasinzia. Nikasema nusu yangu, nikangoja, kimya. Nusu ya pili ikawa inanisubiri mimi: Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu.

Sikuisema.

Tangu nirudi nyumbani najiuliza ni neno lipi hasa lililonifunga mdomo. Si "Mama wa Mungu". Jina hilo Mtaguso wa Efeso, mkutano mkuu wa maaskofu, ulilithibitisha mwaka 431 kwa ajili ya Mwanawe, kwamba aliyezaliwa na Maria ni Mungu kweli, na Luther hakulikataa. Wala si "sisi wakosefu". Ni "utuombee".

Na sitaki kujidanganya kwamba neno hilo ni ibada ya sanamu, kama nilivyolisikia likihubiriwa mara nyingi (huniuma, maana wanaosemwa hivyo ni watu wa nyumbani mwangu). Unayemwomba akuombee hujamfanya Mungu. Juzi tu nimewaandikia watu watano wamwombee mama. Ule mstari wetu wa 1 Timotheo 2:5, kwamba mpatanishi kati ya Mungu na watu ni mmoja, Kristo, mume wangu alinionyesha zamani kwamba katika aya ya kwanza ya sura hiyohiyo Paulo anataka maombezi yafanyike kwa ajili ya watu wote. Hata wazee wetu walikubali mengi kuliko tunavyokumbuka: Utetezi wa Ungamo la Augsburg, wa 1531, moja ya maandiko ya imani yetu ya Kilutheri, unakiri kwamba Maria analiombea Kanisa. Walichokataa ni sisi kumwita katika sala.

Basi swali langu ni hili: waliolala katika Bwana wanatusikia? Wakatoliki na Waorthodoksi wanasema kifo hakimkati mtu na mwili wa Kristo, na wananipeleka Ufunuo 5:8, kwa wale wazee wenye vitasa vya dhahabu vilivyojaa manukato, ambayo ni maombi ya watakatifu. Naisoma na inanigusa sana. Lakini ninachokiona pale ni maombi yakifika mbele ya Mwanakondoo. Simwoni mtu wa duniani akisema na wale wazee. Na wanafunzi walipomwomba Yesu awafundishe kusali, aliwapa neno "Baba". Nimesimama hapo. Nimesimama kwa moyo mzito, kwa sababu mwanamke aliyenifundisha kusali bila haraka ni huyuhuyu mama mkwe.

Alipozinduka hakuniuliza kitu. Aliitikia palepale nilipoishia, neno kwa neno, kana kwamba hakusinzia. Kisha akachoka, akanishika mkono.

"Kesho njoo tumalizie mawili yaliyobaki."

Nikasema nitakuja. Nimeyatazama sasa hivi. La nne ni Maria kupalizwa mbinguni. La tano, kuvikwa taji.