Farasi Mwenye Mabawa

Mwaka 1993 nilikuwa na miaka tisa, na kwetu Buruburu Ijumaa ilikuwa siku ya kanda. Baba akishuka matatu alipitia duka la kukodisha video, akaingia nyumbani na kanda moja kwapani. Dada yangu alingoja filamu. Mimi nilingoja kile kinachotangulia filamu, nembo za kampuni za filamu: mlima wa Paramount na nyota zake, simba wa MGM, taa za Fox zinazofagia anga. Lakini aliyenikaa moyoni kabisa ni farasi mweupe wa TriStar. Huja akikimbia, halafu mabawa yanamkunjuka, na muziki unapanda naye.

Jumamosi moja niliamka kabla ya wengine nikaamua kumchora. Nilipunguza sauti, nikasukuma kanda ndani ya deki, na mabawa yalipofunguka nikabonyeza kitufe cha kusimamisha picha. Farasi akaganda hewani, akitetemeka kidogo. Nilichora shingo, nikafuta, nikachora tena. Deki ilikuwa ikijizima yenyewe baada ya dakika chache. Nami narudisha nyuma, nabonyeza pale pale. Bawa la kushoto lilinitesa sana. Sijui nilirudia mara ngapi, ila chai ilikuwa tayari nilipomaliza.

Nilipomwachia akimbie mara ya mwisho, chenga zilimpita tumboni, mstari mzima. Nikarudisha. Zikapita tena, mahali pale pale.

Siku hizo niliamini picha ikisimama, kila kitu kimesimama. Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima kwamba kinachosimama ni mkanda tu. Ngoma ndogo iliyo ndani ya deki, yenye vichwa vinavyosoma picha, inaendelea kuzunguka mara 25 kwa sekunde, ikisugua kipande kilekile, na unga wa sumaku unaobeba picha unachubuka. Kumbe asubuhi ile nzima, kila nilipokuwa nikimtazama, nilikuwa nikimfuta.

Sikumwambia Baba. Jumatatu alirudisha kanda, nami nilikaa darasani nikiwaza watu wa nyumba nyingine wakiiweka kwenye deki zao, wamwone farasi amekatwa katikati. Lilinikaa kifuani kama deni.

Likizo ya Desemba, Baba akaja na kanda ileile bila kukumbuka kwamba tuliwahi kuiona. Niliitambua kwa karatasi yake iliyochanika pembeni. Nilikaa mbele kabisa, karibu na runinga, nikitumaini labda imepona. Farasi akaja akikimbia. Mabawa yakafunguka, chenga zikampita tumboni, zimekuwa nene zaidi.

"Deki inahitaji kusafishwa," Baba akasema, akainuka kwenda kutafuta spiriti na pamba.

"Baba," nikamwita, "si deki."

Akageuka, pamba mkononi, akaningoja niendelee.