Herufi A kwenye bango la mjomba

Mjomba hakusema kwa ubaya, na labda ndiyo maana limenikaa rohoni tangu Jumanne. Fundi alikuwa bado juu ya ngazi anakaza skrubu za mwisho za bango jipya la duka lake, herufi nyekundu zinaonekana tangu mbali ukitokea Msamvu: STATIONARY. Nikamwambia, "Mjomba, hapo kwenye A inatakiwa E, ndiyo iwe vifaa vya kuandikia. Ilivyo sasa maana yake ni kitu kilichosimama, hakisogei." Akatazama juu, akanitazama mimi. "Wewe unasoma bango. Mteja anasoma bei."

Basi. Fundi akacheka, akashuka, akalipwa.

Wiki hii mahari ya dada imepokelewa na ile mashine ya fotokopi imerudi inafanya kazi, lakini mimi nikiosha vyombo ni bango na bei, nikipanga risiti ni bango na bei. Majibu yote mazuri yananijia usiku. Ningemwambia kwamba mwenye bucha akikosea herufi watu watamsamehe, ila sisi tunauza maandishi. Mbona sikusema?

Mnaonisoma tangu nilipoanza kukaa kwenye kompyuta pale dukani mnajua ninavyoyachukulia haya. Vijana wanaleta barua za maombi ya chuo zimeandikwa kwa "The Principle". Principle ni kanuni. Mkuu wa chuo ni principal, na kwa kuwa matamshi ni yaleyale, sikio halimsaidii mtu. Mwisho wa barua utakuta "please advice", wakati advice ni ushauri wenyewe na kushauri ni advise, kwa s. Au mtu anaomba asipoteze nafasi, anaandika "loose" badala ya "lose": o moja imezidi, kupoteza kumegeuka kulegea. Nawaonyesha kwa kidole kwenye skrini, tunasahihisha pamoja. Kiingereza si chetu, lakini ndicho wanachotupimia, na inanikera kufikiria barua ya mtoto aliyesomeshwa kwa mahindi ya mama yake inawekwa pembeni kwa sababu ya herufi moja. Hasira yangu haiko kwa kijana. Iko kwa mtu mzima anayeliona kosa akasema litapita tu.

Alhamisi umeme ulikatika mapema, nikalitafuta neno lenyewe kwenye simu, nia yangu nipate hoja za kummaliza mjomba. Nikakuta habari nyingine kabisa. Maneno haya mawili, stationary na stationery, ni ndugu. Yametoka kwenye Kilatini stationarius, wa mahali pamoja. Ulaya ya zama za kati wachuuzi wengi walikuwa wakitembeza bidhaa, ila muuza vitabu mwenye kituo chake, mara nyingi karibu na chuo kikuu, akaitwa stationer, kwa kuwa yeye ametulia sehemu moja. Vitu vyake ndivyo vikaja kuwa stationery. Wale wa London waliunda chama chao mwaka 1403, na mwaka 1557 wakapewa hati ya kifalme.

Mjomba huyu aliuza daftari na kalamu stendi miaka na miaka, boksi begani, peni zimejaa mfuko wa shati, anakimbizana na madirisha ya mabasi. Fremu hii ndiyo mahali pake pa kwanza pa kusimama. Na E ninayoipigania ni ile ya stationer, yaani ya mtu mwenyewe. Bango lina neno la kusimama, ila yeye aliyesimama hayumo.

Jana nikamsimulia yote. Akaacha kuhesabu chenji. "Kwa hiyo hao walikuwa machinga waliopata fremu?" Nikamwambia, karibu hivyo. Akakaa, kisha akaniuliza fundi atataka shilingi ngapi kubandua herufi moja. Hajasema ataibandua. Lakini aliuliza kwa sauti ile anayotumia akiulizia bei ya kitu anachokitaka, na siku nzima nilifanya kazi moyo mweupe.

Usingizi bado sijaupata. Mama ana ganzi mguu wa kushoto, anasema ameulalia vibaya. Ana sukari, na leo asubuhi nimeona kidonda kwenye kidole anachokifunika kwa soksi. Kliniki hataki kuisikia mpaka harusi ya dada ipite.