Nitue, Mwanangu

Nilirudi nyumbani Machame, Kilimanjaro, mwezi Desemba, baada ya kuishi Leipzig, Ujerumani, kwa miaka 11 nikiwahudumia wazee katika makao yao, mara nyingi kwa zamu za usiku. Mama alizikwa mwanzoni mwa Mei 2020, wakati safari za ndege za kimataifa zilikuwa zimesitishwa nchini Tanzania kwa sababu ya korona, nami nikayatazama mazishi yake kwenye simu, picha ikikatika kila mara, mpaka ikabaki migomba tu na sauti ya udongo ukimwagwa. Tangu siku hiyo nilibeba hatia ambayo sikuweza kumweleza mtu. Niliingia mara kadhaa katika makanisa ya Leipzig, lakini sala ziliniishia kooni. Mama mwenyewe alikuwa amefurahi nilipopata kazi huko, kwa kuwa wamisionari wa Kilutheri waliofika Machame mwaka 1893 walitumwa na misioni ya mji huo, naye alisema kwamba ninakwenda kwa watu waliotuletea Neno.

Siku ya tatu nyumbani nilikuwa nimesimama penye kaburi lake, kihambani, yaani katika shamba letu la migomba la nyumbani, niliposikia sauti njiani: "Nitue, mwanangu." Alikuwa jirani yetu, bibi aliyesali na mama miaka mingi, akitoka tambarare na mzigo wa majani ya ng'ombe uliomfunika hadi mabegani. Nilimwamkia, nikaushika mzigo kwa mikono miwili na kumtua. Ngata ya majani makavu ya mgomba ilibaki imeganda kichwani pake, nywele zikiwa zimelowa jasho chini yake. Alipokwisha kuvuta pumzi alinipa pole ya mama, akasema kwamba mzigo wa namna ile mtu hajitwishi peke yake wala hajitui peke yake, kisha akaniuliza mimi wangu nimeubeba tangu lini.

Nililia pale pale, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Alinishika mkono akaniombea kwa Kichaga, polepole, akimtaja mama kwa jina lake la utotoni.

Tangu hapo ninayasoma tofauti maneno ya Yesu katika Mathayo 11:28, anapowaita wote wenye kulemewa na mizigo. Sisi tunaosema Kiswahili tuna bahati hapa, kwa maana neno kutulia limetoka katika kutua, na asiyetuliwa mzigo wake hawezi kutulia. Sikubaliani na wahubiri wanaoahidi kwamba mwenye imani hatakuwa na mzigo kabisa, kwa sababu katika mstari unaofuata Yesu anatoa nira, na nira kwa kawaida huvaliwa na wawili. Mimi bado ninamlilia mama, na deni la nauli bado sijalimaliza. Lakini usiku ninalala, na ninapoamka alfajiri ninaweza kumwambia Mungu jambo lile nililolificha miaka yote: kwamba nilimkasirikia kwa kuniacha mbali. Sikuona kwamba amenifukuza kwa kusema hivyo.

Akina mama wa jumuiya walikuja kunihani Jumamosi jioni, wakaimba, wakanywa chai, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwa nini sikuja kuzika. Alhamisi hii ibada ya jumuiya itakuwa kwetu. Nimeshafagia uwanja, na bibi ameniahidi kuleta benchi lake.